Nyumba Isiyo na Nondo

Kijijini kwetu Ain Subha, huku juu kwenye milima ya Ajlun, mtu akipata mtoto wa kiume watu humpa hongera kwanza, kisha huinua macho wakatazama paa lake. Wanatafuta nondo. Kila nguzo ya nyumba huachwa na vyuma vyake vimesimama juu ya zege, ili mtoto akikua na kutaka kuoa, mafundi waendelee pale baba alipoishia. Chini wazazi, juu mwana na mkewe. Mgeni akipita barabarani huona kutu, akadhani tumeishiwa. Sisi huona wajukuu.

Jirani yangu Awwad, tunayemwita Baba Mutlaq, kazi yake maisha yote ilikuwa hiyo hiyo ya nondo. Alizikata, akazikunja, akazifunga kwa waya kabla zege halijamwagwa. Hakuna mtaa hapa ambao hana paa alilolifunga. Koleo lake lilikaa mfuko wa nyuma hata msikitini, na imamu alikuwa akimtania, "Baba Mutlaq, humu tunafunga saumu, nondo ziache mlangoni."

Lakini mganga hajigangi. Nyumba yake mwenyewe aliijenga ujanani, mkono ukiwa mtupu. Aliichimbia kwenye mteremko, ukuta wa nyuma ukaegemea udongo wa mlima. Kila mvua ikinyesha, mlima ulikunywa, na ukuta ukanywa kutoka kwa mlima. Nondo tu ndizo alizifanya vizuri. Aliziacha juu ya nguzo zote kabla hajapata hata mtoto mmoja. Mkewe Fidda akazaa binti, akazaa binti, mpaka wakafika wanne, na wanaume wakawa wanamwuliza, "Awwad, hizo nondo za kuanikia nguo?" Na kweli Fidda alianikia nguo. Halafu Mungu akampa Mutlaq, na vicheko vikakoma.

Fidda alizivisha nondo zile makopo matupu ya samli, kila ncha na kopo lake, yamepinduliwa. Alisema mvua isizile kutu, na watoto wanaocheza juu wasijichome. Upepo ukivuma makopo yaligongana, nasi majirani tukajua kwamba kwa Baba Mutlaq paa linamngoja mtoto.

Ubaridi wa ukuta ule ndio uliomwingia Fidda kifuani. Sisemi kwa kubahatisha, maana ukuta wangu na wake ulikuwa mmoja, na kikohozi chake nilikijua kama ninavyoijua adhana. Ukungu mweusi ulipanda nyuma ya kabati. Tulisugua kwa siki na klorini, baada ya wiki umerudi. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Daktari kule Ajlun mjini akamwambia Awwad mbele yangu, "Mzee, dawa nitampa, lakini dawa yake hasa ni kumtoa kwenye nyumba ile. Na umtoe kabla ya baridi kuingia."

Huo ulikuwa mwezi wa tisa. Tini zilikuwa zimekwisha, zeituni bado.

Awwad angeweza kubomoa na kujenga upya kwa zege. Lakini nyumba ya zege kwetu hujengwa tonge kwa tonge, leo nguzo, mwakani kuta. Na hata angepata yote kwa mkupuo, yeye alijua kuliko daktari kwamba zege jipya limejaa maji, hutokwa jasho mwaka mzima kabla halijakauka. Angemtoa mkewe kwenye ukuta mbichi na kumtia kwenye ukuta mbichi.

Ndipo akaenda kwenye kiwanda kimoja upande wa Mafraq, kinachotengeneza nyumba za vipande. Nyumba nzima huundwa ndani ya kiwanda, kuta, madirisha, mabomba, hata vigae vya chooni, kisha huletwa kwa malori na kuunganishwa kiwanjani. Alirudi jioni, viatu vina vumbi, akatukuta mimi na Fidda tunachambua maramia, majani ya mlimani ya kutia kwenye chai.

"Zipo za aina mbili," alisema kabla hajaketi. "Kuna nyepesi, hii wiki chache ipo hapa. Ni kavu kabisa, kuta zimejazwa sufi. Na kuna yenye miguu ya chuma kinene, hiyo inabeba ghorofa juu yake. Lakini hiyo ya pili wana foleni."

"Ya pili inakuja lini?" Fidda akauliza.

"Mwezi wa nne."

"Basi tungoje mwezi wa nne."

"Tungoje nini, mwanamke? Baridi ipo mlangoni."

"Nimekohoa baridi ngapi, Awwad? Nyingine moja haitanila. Mwachie mtoto paa lake."

"Na ikikula?"

"Ikinila Mungu ndiye aliyepanga. Paa litakuwepo."

Awwad sikupata kumsikia akipaza sauti, wala kabla ya siku ile wala baada yake. "Paa! Paa! Nimefunga mapaa ya mkoa mzima! Nikae hapa nikusikilize ukivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani, kisa paa? Mutlaq ana miaka ishirini, hata soksi zake hajui kuzifua. Siku akitaka kuoa Mungu atamfungulia mlango."

Fidda akanigeukia. "Mama Sanad, dada yangu, mwambie shemeji yako."

Ningesema nini? Mmoja alikuwa akimtetea mke, mwingine akimtetea mtoto, na wote wawili walikuwa na haki. Nikasema Mungu ni mjuzi zaidi, nikamimina chai. Fidda akarudi kwenye majani yake, na Awwad akachukua ile nyepesi.

Kiwanja kilikuwa kidogo, urithi uliogawanywa kwa ndugu, kwa hiyo nyumba ya zamani ilibidi ivunjwe ili mpya ikae palepale. Fidda na Awwad walihamia kwangu. Siku ya kubomoa, kijana wa tingatinga alitaka kuanza na paa. Awwad akamzuia kwa mkono. Akapanda mwenyewe na msumeno wa chuma, akazikata nondo moja baada ya nyingine, nasi tukimtazama kutoka chini. Makopo aliyatupa uani. Fidda aliyaokota yote, akayatia kwenye mfuko wa unga.

"Na hayo ya nini tena?" Awwad alimwuliza.

"Ya Mutlaq," akasema.

Nyumba ilikuja Alhamisi asubuhi, nusu mbili kwenye malori mawili, na kreni nyuma. Kwenye kona ya msikiti ilibidi likatwe tawi la mzeituni wa wakfu, na imamu akataka kwanza aahidiwe kuwa utapandwa mwingine. Watoto hawakwenda shule. Wanaume walikuja wamekunja mikono ya nguo, kama tunavyokuja siku ya kumwaga zege, maana siku hiyo hakuna anayealikwa na hakuna anayekosa. Kila mmoja hubeba ndoo, na jioni mwenye nyumba huchinja, tukala wali na nyama ya kondoo iliyolowa maziwa. Siku ile hapakuwa na ndoo ya kubeba. Kreni iliinua nusu ya kwanza, ikaiweka kwenye msingi taratibu kama mama anayemlaza mtoto, ikainua ya pili. Kabla ya adhuhuri mafundi wawili walikuwa wanafunga mshono wa katikati kwa bisibisi.

"Baba Mutlaq kanunua friji!" mtu mmoja akasema.

"Ukiichoka, unairudisha na risiti?"

"Usiuache mkebe wazi, biskuti zitalainika!"

Awwad alicheka nao, lakini mikono yake haikujua pa kwenda. Ilishuka mfukoni, ikashika koleo, ikaliacha. Mzee mmoja, ambaye alimwagia zege kila nyumba ya mtaa ule, alimwendea kumuaga akasema, "Awwad, nimpe nani pole ya kazi? Kreni?" Wakaondoka na mikono safi. Awwad hakuchinja. Alisema hapakuwa na paa lililomwagwa, angechinjia nini? Nadhani hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza nyumba ile kumnyima, ingawa wakati ule hakuna aliyelihesabu.

Lakini nisiidhulumu nyumba ile. Fidda aliponiita ndani mara ya kwanza, alishika mkono wangu akaubandika ukutani. "Gusa, Mama Sanad. Gusa na hapa. Kukavu!" Alinizungusha chumba hadi chumba nikigusa kuta kama kipofu. Theluji ilianguka mwaka ule ikaziba barabara siku kadhaa, na jiko moja dogo la mafuta liliitosha nyumba nzima. Mito mitatu ikawa miwili, ikawa mmoja. Nilisubiri kikohozi upande wa pili wa uwanja, hakikuja. Nilisali rakaa mbili za shukrani.

Dosari zilikuja polepole. Mvua ikinyesha juu ya bati lile ilibidi mseme kwa kupiga kelele. Hukuweza kupigilia msumari wa kutundika kitu kizito, ukuta ulikuwa mwembamba, na aliyepiga chafya chumba hiki aliitikiwa dua kutoka chumba cha pili. Sakafuni pale mshono ulipopita palikuwa na mstari ambao Fidda aliufunika kwa zulia, kwa sababu alisema unamfanya ajione anaishi kwenye sanduku lililofungwa vizuri. Na paa lilikuwa la mteremko. Kila kiangazi wanawake wa huku hupanda paani kuanika ngano iliyochemshwa, na bamia, na tini. Fidda alikuja na sinia zake juu ya paa langu. Hakulalamika. Ila akishamaliza kutandaza, alisimama ukingoni akiangalia paa lake kutoka kwangu, lile bati la kijivu, laini, halina kitu.

Alipata baridi tatu za namna hiyo, akipumua kama msichana. Katika majira ya machipuko baada ya baridi ile ya tatu alianguka jikoni. Kifua hakikuhusika, ulikuwa moyo. Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti. Mimi ndiye niliyemwosha pamoja na binti zake.

Mutlaq alikuwa jeshini, kambi ya kusini, akija kwa likizo. Baada ya mwaka wa mama yake kutimia alisema anataka kuoa, na msichana alikuwa Rihab, binti ya Baba Uqab wa mtaa wa juu. Awwad alifufuka. Alinyoa, akanunua kilemba kipya, akawakusanya wazee wa ukoo kwenda kuposa. Wanawake tulikwenda pia, mimi nikiwa nimekaa nafasi ya mama, na kutoka jikoni tulisikia kila neno la barazani.

Kahawa ilikuwa mezani, haijaguswa, maana kwetu kahawa ya posa hainywewi mpaka jibu litolewe. Baba Uqab, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisema, "Mmetuheshimu, na kijana hana ila. Swali langu ni moja tu, nalo mlielewe, mimi ni baba. Binti atakaa wapi?"

"Juu ya baba yangu," Mutlaq akajibu bila kufikiri, kama kijana yeyote wa huku angejibu.

Nilimwangalia mama wa msichana, naye akaniangalia mimi.

"Juu ya baba yako wapi, mwanangu?" Baba Uqab akauliza polepole. "Juu ya bati?"

Awwad alisema haraka kwamba mambo hayo yana mafundi wake, wampe muda kidogo. Kahawa ikanywewa kwa sharti.

Fundi wa kiwanda alikuja, kijana mwenye adabu. Alizunguka nyumba, akainama chini yake, akapanda ngazi, akashuka. Mimi nilikuwa nakusanya nguo upande wangu.

"Mzee, hii inajibeba yenyewe na theluji yake, basi. Ukiiwekea chumba juu itaketi chini kama ngamia."

"Nguzo je? Nikizichimba nje, kila pembe, nikapitisha paa la zege juu yake kama mwavuli?"

"Ungeweza, kama kungekuwa na nafasi. Huku barabara, huku jirani. Manispaa hawatakupa kibali."

"Na nikiwalipa mnibadilishie? Mniletee ile yenye miguu?"

"Mzee wangu, hii haibadiliki miguu. Itabidi uiondoe, uanze upya. Na hii ukiiuza, itakupa hata nusu ya msingi?" Kijana aliona uso wake, akaongeza, "Lakini ni nyumba nzuri, haina unyevu."

"Najua haina unyevu," Awwad akasema.

Kumleta bibi harusi ndani ya vyumba vile viwili, na baba mkwe mjane nyuma ya ukuta wa chafya, halikuwa jambo la kutajwa. Bibi harusi wa huku lazima awe na mlango wake. Kukodi nyumba mjini mshahara wa askari haukutosha. Wiki zikapita. Mwishowe Baba Uqab mwenyewe alikuja, akiwa peke yake, ili asimwaibishe mtu. Mwanawe Uqab alikuwa amehamia ng'ambo na hakuna aliyetarajia arudi. Nondo zake zilikuwa zinaota kutu juu ya paa.

"Ajenge kwangu," alisema. "Paa ni paa, Baba Mutlaq. Watoto ni wetu sote."

Alitoa kwa moyo safi, Mungu amlipe. Lakini mwanamume kwenda kukaa juu ya baba wa mkewe, kwetu hilo ni donge. Dukani walianza siku hiyo hiyo. "Mnasikia? Mutlaq haoi, anaolewa!" "Mahari kapeleka nani?" "Mpeni hina huyo!"

Jioni Mutlaq alikaa na baba yake uani, nami nilikuwa nimewapelekea mkate wa zaatari, ule unaopakwa majani makavu yaliyosagwa na ufuta.

"Nitakataa, Baba. Nitamwambia hapana."

"Utamwoa nani kisha?"

"Sioi. Nakaa na wewe."

"Usiongee upuuzi." Awwad alikuwa anakunja kipande cha waya vidoleni, anakunjua, anakunja. "Mama yako alisema tungoje mwezi wa nne."

"Baba, yaache hayo. Ungengoja mimi ningekulaumu zaidi."

"Alisema mwachie mtoto paa lake. Mbele ya Mama Sanad alisema. Si alisema, Mama Sanad?"

"Alisema," nikajibu. "Na wewe ulisema pumzi zake kwanza. Akapumua, shemeji. Niliziona baridi zile tatu kwa macho yangu."

"Nilidhani vyote viwili vitawezekana," alisema. "Mtu hudhani hivyo." Akatupa waya. "Kubali, Mutlaq. Mwambie Baba Uqab nimesema ahsante. Mwambie na nondo nitafunga mimi, asitafute mtu."

Alifunga kweli. Alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya magoti, lakini alipanda ngazi za watu wengine kila asubuhi mpaka kuta za ghorofa ya mwanawe zikasimama na mbao za paa zikatandikwa. Walioimba dukani kwamba Mutlaq anaolewa walimwona akiinama juani, na baadhi yao waliona haya, wakaja kumsaidia kubeba vyuma. Wengine waliendelea kuimba.

Siku ya kumwaga zege ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Wanaume wote walikuja wamekunja mikono ya nguo. Ndoo zilipita mkono kwa mkono, na Baba Uqab alichinja kondoo wawili. Sisi wanawake tulikuwa chini kwenye masufuria, mvuke wa maziwa umetujaa nguoni. Alasiri zege lilipokuwa limeshasawazishwa nilipanda na birika la chai, nikasimama kwenye ngazi ya juu kabisa.

Awwad alikuwa anapita kwenye ubao uliotandikwa, nguzo kwa nguzo, akikagua nondo alizoziacha zimesimama. Zilikuwa ndefu kuliko kawaida, zinakaribia kifua chake.

"Mzee, chuma chote hicho cha nini?" mkandarasi akamwuliza. "Huku watu huacha nusu ya hapo."

"Ili atakayekuja asihangaike kuunganisha."

"Hata hajaoa, wewe unafikiria atakayekuja!"

"Ndiyo wakati wake," Awwad akasema.

Kisha akafungua mfuko wa unga aliokuwa ameuweka kwenye kona. Niliujua kabla hajautoa mkono. Makopo ya samli, yale yale, maandishi yamefutika, mengine yamebonyea siku yaliyotupwa uani. Alilipindua kila moja, akalivisha kwenye ncha ya chuma, akaligonga kidogo kwa koleo ili lishike. Mutlaq, zege mpaka magotini, alisimama akimwangalia. Hakumsaidia. Alijua haikuwa kazi ya kusaidiwa.

Makopo hayakutosha, nguzo za Baba Uqab zilikuwa nyingi kuliko zile za nyumba ya zamani. Awwad alizitazama zile ncha zilizobaki tupu, akanigeukia.

"Mama Sanad, una makopo kwako?"

"Ninayo mawili. Na hili la leo, tukimaliza samli."

"Niwekee," akasema, akaanza kushuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani. Wanaume walimwita akae ale, akasema anakuja. Nilimwona kutoka juu akivuka barabara kuelekea nyumbani kwake, akafungua mlango ule mwepesi, akaingia kwenye nyumba yake kavu. Chakula chake nilimpelekea mwenyewe, kabla ya magharibi, na kopo moja juu ya sinia.